Honi ya Kona ya Nyumbani

Lori la marehemu baba nililirudishia kila kitu chake: bodi ya mbao, rangi ya kijani, hata honi. Ubongo wa kompyuta, unaoamua breki na honi, niliufunga kwa sababu ya sheria, nao hauzimiki.

Zamani baba akifika kona ya nyumbani alipiga honi mara mbili, na mama akabandika maji ya ugali. Jioni ya kwanza kulirudisha nyumbani, nami nikabonyeza honi pale pale.

"Hakuna hatari," lori likajibu. "Honi haitalia."

Mama, ambaye kumbukumbu zimemtoka, nilimkuta jikoni, moto haujawashwa. "Baba yako bado. Sijasikia honi."

Kesho yake akaja kusubiri katikati ya barabara. Lori lilipomwona mbele yake likafunga breki, likapiga honi mara mbili.

"Haya, nakwenda kubandika maji," akasema, akicheka.

Sasa namkuta hapo kila jioni, na kila jioni amesogea karibu zaidi na kona, mahali lori linapochelewa kumwona.