Makala ya Jumatatu

Radostina alinunua magazeti yote yaliyobaki kibandani, akavuka barabara, akayatupa kwenye pipa la taka. Kisha akasimama pale pale akijishangaa. Mji wa Ruse una vibanda vingapi? Angevimaliza vyote?

Akaingia duka la mikate, maana nyumbani hapakuwa na mkate. Foleni ilifika mlangoni. Mbele yake walisimama wanaume wawili wenye skafu za kijani za timu ya Strela, mmoja mzee, mmoja wa makamo. Walikuwa wakibishana, na gazeti lile lile lilikuwa kwapani mwa yule mzee.

"Mimi Kanev simtetei, Asparuh," alisema yule wa makamo. "Kocha gani huyo, filimbi ya mwisho ikilia tu, keshaingia zake garini? Hapeani mkono na mtu. Sisi tuliolowa mvua kwa ajili yake hata hatutupii jicho. Kiburi kitupu!"

"Kiburi hicho ndicho kilichotupandisha daraja, Krum. Yule aliyekuwa akitupungia mkono alitushusha."

"Kwa hiyo mwandishi kasema uongo?"

"Ya uwanjani kasema, sawa. Lakini mke wa mtu anamtajia nini?" Mzee akalikunjua gazeti, akaliweka mbali na macho. "'Hata mkewe haonekani tena jukwaani. Labda naye amechoka kuona aibu.' Hebu niambie, huo ni mpira?"

Krum alicheka mpaka mabega yakamtikisika. "Hapo kamuweza!"

Watu wawili watatu kwenye foleni nao wakacheka. Radostina akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Masikio yalimwaka moto.

Pavlina, muuza mikate, alikuwa amemwona. "Nyie, punguzeni sauti," akasema. "Hapa si uwanjani."

"Tumekosa nini, dada? Tunazungumza mpira."

"Mnazungumza watoto wa watu."

Mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma: "Watoto wa watu! Mimi namlaumu mama yake. Mtu mzima hawi hivyo ghafla. Angefunzwa adabu mapema, leo tusingefika huku."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Asparuh na Krum wakakubaliana.

Radostina akatoka bila mkate.

Njia nzima alitembea akitazama viatu vyake. Alikuwa amemlea mwanawe peke yake, tangu mumewe alipofia kazini bandarini na mtoto hajaanza shule. Shingo ngumu alikuwa nayo tangu zamani. Akikosea haombi radhi. Anainua kidevu, anaondoka. Majirani walikuwa wakisema, huyu atakuwa mtu mkubwa, na yeye Radostina akafurahi, akaacha kumkemea.

Alipofika nyumbani akampigia simu.

"Na wewe umesoma, mama?"

"Nimesoma. Na dukani nimewasikia wakicheka."

"Waache wacheke. Wiki ijayo watakuwa na jingine. Mpira ndivyo ulivyo."

"Nenda kwake mwanangu, mkazungumze. Ninyi ni watu wazima."

"Mimi? Nikambembeleze yule? Sina la kuzungumza naye."

"Basi nitakwenda mimi."

"Mama, usithubutu! Usije ukaniaibisha!"

Radostina akakata simu. Kumbe neno hilo analijua, akawaza.

Hakuweza kwenda mikono mitupu. Akatoa unga, akaukanda, akausukuma mpaka ukawa mwembamba kama kitambaa, akatia jibini na mayai, akachoma banitsa ya trei nzima, ile ambayo huchoma sikukuu tu. Akaifunga kwa taulo safi, akapanda basi ameipakata, ikimuunguza magoti. Nyumba yenyewe hakuwahi kufika, ila aliijua, kama mji mzima unavyoijua. Mlangoni pa ghorofa ya tatu alinyanyua mkono kubisha, akaushusha. Akashuka ngazi kadhaa. Akarudi, akabisha upesi kabla moyo haujambadilikia.

Aliyefungua alikuwa mwanamume ambaye hajanyoa ndevu, mikono ya shati imekunjwa, ameshika kijiko kinachodondosha supu. Nyuma yake, karibu na dirisha, mwanamke alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kitambaa kifuani, kichwa kimelala upande mmoja.

Radostina akasahau yote aliyoyapanga kwenye basi.

"Nisamehe kukujia bila taarifa. Mimi ni mama yake..."

"Nakujua, mama," mwanamume alisema. "Mmefanana macho."

"Nimekuja kukuomba radhi kwa ajili yake. Yeye hajui kuomba. Kosa ni langu, sikumfundisha." Akamnyooshea trei. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni bila yeye kujua. "Yale maneno si ya kuambiwa mtu. Nimeona aibu, baba. Nimeona aibu hata kununua mkate."

Mwanamume aliweka kijiko mfukoni mwa shati kama mtu asiyejua pengine pa kukiweka, akaipokea trei kwa mikono miwili. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Kule dirishani yule mwanamke akajitahidi kusema kitu. Maneno yalimtoka kwa shida, yakiburutana.

"Ni mgeni, mpenzi," mwanamume akamjibu. "Katuletea banitsa."

Kisha akamgeukia Radostina, akapunguza sauti.

"Mwambie mwanao anaandika vizuri," kocha akasema. "Mke wangu, tangu augue, hakubali apitwe na makala yake hata moja. Hata ya leo imebidi nimsomee."