Kura Moja ya Verna

Msimamizi wa uchaguzi alisimama mbele ya ukumbi wa mji, kule New Hampshire, Marekani, akasoma matokeo kwa sauti. Verna, mgombea wa chama kidogo cha Libertarian, alikuwa amepata kura moja.

"Angalau umejipigia mwenyewe, mama!" mtu akapaza sauti, ukumbi ukacheka.

Zamani wafuasi wa chama hicho, watu waliotaka serikali iwaache na maisha yao, walijaza safu mbili humu. Wapenda bunduki wakahamia Republican, watetezi wa bangi wakahamia Democrat, Verna akabaki peke yake. Asubuhi ile alikuwa amempigia kura kaka yake, mgombea wa Republican, yuleyule aliyemwambia, "Jitoe, dada. Unatuaibisha ukoo mzima."

Basi kura ile haikuwa yake.

Akageuka. Kaka yake alikuwa anafinyangafinyanga kofia yake ya kampeni, masikio yamemwiva.

Msimamizi akaendelea kusoma. Mgombea wa Republican alikuwa ameshindwa kwa kura moja.

"We mjinga," Verna akamnong'oneza.

"Nyamaza bwana," akasema. "Twende tukale."