Kiti cha Mkabala

Zamani, katika mchezo wa kubashiri kwenye simu, watu walichagua wachezaji halisi wa mpira wa magongo kuwa kikosi chao cha siku, wakipima nani atakutana na nani uwanjani, na wachezaji hao wakifunga, wao walipata pointi. Sasa wanachagua jamaa zao wenyewe, na ugomvi wa mezani ndio unaowaletea pointi. Mwatum alikuwa hodari wa mchezo huo: alijua kwamba mke asiyemeza maneno akikalishwa mbele ya mama mkwe, aliyemchagua mke huyo hujaziwa pointi.

"Leo kaa hapa, mke wangu," mumewe Shekue alimwambia wakati wa chakula cha jioni, akimvutia kiti asichokizoea.

Mkabala naye alikuwa mama mkwe.

"Mchuzi huu umeupika wewe?" mama mkwe akauliza.

Mwatum akamgeukia mumewe. Simu iliwaka mapajani pa Shekue, jina la Mwatum likiwa kwenye kikosi chake, naye hakuinua macho.

Mama mkwe akainama, akanong'ona, "Nijibu kwa ukali, mwanangu. Hata mimi nimekuweka wewe kwenye kikosi changu."