Moyo wa Fundi Gad

Eugénie alimfuata mumewe hadi chooni, akasimama nje na kaye, daftari lake, mkononi, akaandika: saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, ameingia. Mlango ulikuwa nusu wazi, kama kawaida ya Gad. Akamsikia akinung'unika huko ndani kwamba hata mfungwa hupewa nafasi kwa jambo hili.

Eugénie hakucheka. Tangu jana asubuhi mumewe alikuwa na nyaya tano zimebandikwa kifuani na kimashine kiunoni, na daktari alikuwa ameagiza kila anachofanya kiandikwe na saa yake. Gad ni fundi mbao hodari, lakini yeye na kalamu hawaivi chungu kimoja. Basi akaandika mkewe, ambaye ni karani wa kanisa lao pale Gihundwe.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mwaka wa pili huu presha ya Gad inagoma kushuka kwa dawa. Mara mbili ameanguka karakanani, randa mkononi. Daktari Niyonsenga, mama wa makamo asiyejua kuzungusha maneno, aliwaambia moyo umechoka na umeanza kutanuka, na akianguka mara ya tatu huenda asiinuke. Kuna kitu kinautisha moyo huu, alisema, nami lazima nikijue. Mficha maradhi kifo humuumbua. Eugénie alirudi nyumbani siku hiyo akamtazama binti yao Bella, wa miaka tisa, akaogopa sana.

Mtaani kila mtu alikijua kitu hicho, au alijidai kukijua. Gad hakai mahali palipofungwa mlango. Vyumba vyake vyote vina mapazia badala ya milango. Kanisani hukalia benchi la mwisho, karibu na pa kutokea. Watu hutoka hadi Giheke kuja kuagiza milango yake, lakini kwenda kuipachika nyumbani kwao humtuma fundi mwingine.

Haya, mtu kama huyo utamuuliza nini? Kwa hawa waliorudi kutoka Kongo, kama Gad na mkewe, humuulizi mwenzako alikuwa wapi siku za vita. Ndiyo adabu. Unatazama anachokiogopa, unajijazia mwenyewe. Eugénie, akiwa mtoto, alifungiwa siku tatu pamoja na majirani zake katika ghala la mahindi. Waliotoka hai hawakufika kumi, na mama yake hakuwemo. Alipochumbiwa na kijana asiyestahimili mlango uliofungwa alilia kwa furaha, maana amepata wa kumwelewa bila kuelezwa. Miaka kumi na miwili ya ndoa hawajaulizana. Kimya hicho walikiita mapendo, na kwa kweli walipendana.

Saa nne walikuwa mbele ya daktari, mlango umeachwa wazi kama Gad alivyoomba. Daktari akatandaza karatasi za mashine. Mara tatu moyo ulikuwa umekimbia kama unaofukuzwa. Akataja saa, Eugénie akasoma kaye yake. Jana saa kumi na mbili jioni: ameketi uani, anavua viatu. Saa mbili usiku: anakula. Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri: yuko kitandani, macho wazi.

Hakuna kelele, hakuna mlango, hakuna ndoto. Daktari akaeleza kwamba woga wa zamani haufi, hulala mwilini, na kila ukiamshwa moyo hukimbia hata kama mwenyewe ameketi tu anakula. Ila lazima kuwe na kinachouamsha. Akamgeukia Eugénie.

“Na wewe, Mama Bella, saa hizo ulikuwa unafanya nini?”

Eugénie alishangaa, maana hakuna aliyemwambia ajiandike na yeye. Akakumbuka: alikuwa anachambua maharage, kisha anamsuka Bella, na alfajiri anawasha mbabula, jiko la makaa. Daktari akamuuliza kama alifanya hayo yote kimyakimya, kwa sababu muda si mrefu uliopita alikuwa amemsikia pale koridoni.

“Naimbaka tu,” akasema kwa haya. “Kukiwa na kazi mukononi, kinywa nayo inatafuta yake.”

Gad akainuka. Alisema amepona, waende, mbao za watu zinangoja. Daktari akamkalisha, akamuunganisha na mashine yenye kioo, akamwomba Eugénie aimbe.

Akaimba polepole, wimbo wa panya aliyekula mahindi akasahau njia ya kwao. Namba kwenye kioo zikapanda: sabini na nane, mia na nne, mia thelathini na sita. Jasho likamtiririka Gad shingoni. Daktari akainua mkono kumnyamazisha Eugénie, akauliza wimbo huo ni wa wapi.

Si wa popote, alijibu Eugénie. Mama yake aliutunga mle ghalani, gizani, ili watoto wasilie kwa njaa. Mbali na Bella hajamfundisha mtu. Asiyekuwepo siku zile tatu hawezi kuujua.

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Akamgeukia mumewe, macho yamejaa machozi, na furaha ikamshika hadi ikamuuma. Akaushika mkono wa Gad, akaukumbatia kwa mikono yake miwili.

“Papa Bella, ulikuwa humo? Pamoja na siye? Ulikaa upande gani? Kwa giza ile, sikuwaona batu.”

Gad aliutazama mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na hakuwa na pa kutokea. Angeweza kuitikia kwa kichwa tu, mara moja, na wangerudi nyumbani wameshikana mikono.

“Sikukuwa ndani, Mama Bella,” akasema. “Nilikuwa na miaka kumi na ine. Ufunguo balinipatia miye.”