Kina cha Tatu

Tangu vina vipigwe marufuku, Mishi, malenga wa zamani wa jukwaani, alizungumza kwa tahadhari hata jikoni kwake, maana kinasa sauti cha serikali kilikuwa ukutani.

Asubuhi hiyo bintiye Riziki, aliyeanza juzi tu kuunga maneno, alisukuma kikombe. "Mama, siyataki maji. Mama, nautaka uji."

Taa ya kinasa ikageuka manjano. Kina cha tatu kingewaleta askari.

"Mwanangu, sema maziwa," baba yake, Shomari, akanong'ona.

Riziki alimkazia mama macho, akingoja. Shairi likianzwa lazima lijibiwe. Hivyo ndivyo Mishi alivyolelewa. Ulimi ukamteleza: "Njoo kwangu, msemaji."

Taa ikawa nyekundu. Shomari akakimbilia komeo la mlango, na mtoto akacheka, akitafuta kina cha nne.