Leo Sina Utani

Jumamosi, tarehe 11 Aprili. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na hata ilipokatika jua lilikataa kutoka. Leonia alikimbia huku na huko kati ya vichanja vya kuanikia samaki kwenye mwalo wa Nyakageni, ufukwe wa wavuvi mbele kidogo ya Bangwe, akivuta turubai juu ya dagaa waliolowa. Mikono ilikuwa kwenye turubai. Roho ilikuwa kwingine.

"Rahabu, kesho unapiga kura ya diwani. Unajua mgombea wako ataufanya nini mwalo huu?"

"Jeremia? Namjua tangu anavaa kaptula!" Rahabu, jirani yake wa kichanja, akaanza kuimba wimbo wa kampeni, kiuno nacho kikifuata. Wimbo aliujua wote, na kofia ya mgombea alikuwa nayo kichwani.

"Atampa tajiri ajenge hoteli. Vichanja ving'olewe. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Rahabu akamtazama, kisha akaangua kicheko. "Watani nyie! Hata mvua haiwanyamazishi!"

Shida ilikuwa hapo. Ukoo wa Leonia na ukoo wa Jeremia ni watani tangu mababu. Jeremia alipomzika baba yake mwaka jana, Leonia ndiye aliyevaa koti la marehemu, akatembea akichechemea kama yeye, akalia kwa sauti ya mbuzi, na akamzuia Jeremia asitupe udongo kaburini mpaka awanunulie watani soda. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na Leonia aliifanya vizuri kupita kiasi. Tangu siku hiyo, akifungua tu mdomo kumhusu Jeremia, watu hujiandaa kucheka.

Lakini safari hii hakutania. Jumatatu alipeleka migebuka nyumbani kwa Jeremia, Katubuka. Akiwa amesimama na beseni mlango wa nyuma, alimsikia akimwambia tajiri mmoja sebuleni: "Nikishaapishwa tu, mwalo ni wako, ujenge hoteli yako. Vichanja nitang'oa mwenyewe." Mara Jeremia akatokea jikoni, akamkuta pale. Wakatazamana.

"Mtani, umefika zamani?"

"Sasa hivi tu, mtani."

Siku hiyo Jeremia alinunua samaki wote bila kubishana bei.

Tangu hapo usingizi ulimpaa Leonia. Kichanja kile ndicho kilichomlisha tangu alipofiwa na mume. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka. Alimwambia Mzee Elikana wa kanisani kwao. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alimwambia Yusta, mnunuzi wa dagaa kutoka Ujiji, Yusta akajifuta macho, akasema, "Ongeza na jingine, dada."

Ilibaki njia moja. Mkutano wa mwisho wa kampeni ungefanyika jioni ile, palepale mwaloni. Angemuuliza mbele za watu. Akikana, basi atakuwa ameahidi, na ahadi ya hadharani ina mashahidi wa kumshika nayo. Hilo tu lingemtosha.

Saa tisa alijificha nyuma ya mitumbwi, akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa. "Bwana, nipe mdomo ambao watu watauamini. Hata kwa dakika moja." Kisha akavaa sare ya kwaya, ili ajulikane kwamba amekuja kwa heshima.

Mwaloni palikuwa pamejaa. Mchungaji na shehe walikaa viti vya mbele. Spika ziliimba, watu wakacheza, na ulipofika wakati wa maswali Leonia akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mtani wake huyo!" alipaza sauti Meshack, mshereheshaji. "Kaeni mkao wa kula!"

Vicheko vikaanza kabla hajafika mbele.

"Mheshimiwa mgombea," alisema Leonia. Vicheko vikazidi; tangu lini mtani akaitwa mheshimiwa? "Jamani, leo sina utani."

Watu wakapiga makofi. Watani wote huanza hivyo.

Akangoja watulie. Machozi yakamtoka bila kutaka.

"Analia kama siku ya msiba!" mtu akapiga kelele. "Bado sauti ya mbuzi!"

Leonia hakugeuka. Alipandisha sauti mpaka ikakwaruza. "Jeremia, sema mbele ya mchungaji na shehe. Ukichaguliwa, utaufanya nini mwalo huu?"

Hapo vicheko vikakatika. Rahabu aliacha kutafuna karanga. Maji ya ziwa yalisikika yakipiga mitumbwi. Leonia aliona jasho likichuruzika kwenye paji la uso la Jeremia, akasema moyoni: Asante, Bwana, wamesikia.

Jeremia akakitazama kipaza sauti, akautazama umati. Akashuka jukwaani taratibu mpaka akawa uso kwa uso na Leonia. Alimtazama kama alivyomtazama siku ile jikoni. Kisha akatabasamu, akainua mkono wa kulia kama mtu anayekula kiapo.

"Ndugu zangu, mbele ya mchungaji, mbele ya shehe na mbele yenu nyote, naahidi: nikishaapishwa tu, mwalo huu nampa tajiri. Vichanja nitang'oa mwenyewe, na nitaanza na cha huyu mtani wangu!"

Mwalo mzima ukalipuka. Shehe alijishika mbavu, mchungaji akapiga makofi, watoto wakarukaruka bila kujua kwa nini. Rahabu alicheka mpaka akakaa chini mchangani, akajifuta machozi kwa kofia yake, akainuka na kupaza sauti iliyowapita wote:

"Jeremia mwanangu, mashahidi hawa hapa! Kura yangu kesho ni yako, naahidi!"