Fimbo za Jasvanti

Jasvanti alifika uwanjani na fimbo zake mbili za kuchezea ngoma, rangi imebanduka pale vidole vyake vilipozoea kushika. Alikuja kuzigawa. Tangu kiharusi kimpooze upande wa kulia, kuziweka ndani alikuona ni kujitonesha kidonda bure.

"Chukua, shoga," alimwambia Bhanumati, aliyemketisha kitini. "Sikukuu hii ya Navaratri mimi mtazamaji."

Bhanumati alizipokea. Ngoma ikalia. Wanawake wakapanga safu mbili, wakitazamana; kila mmoja akagonganisha fimbo na aliyekuwa mbele yake, kisha akasogea kwa mwingine, kama wachezavyo siku zote. Jasvanti akakaza macho kwenye chungu chenye taa katikati ya uwanja, asiwaone wenzake.

Alipoinua uso, safu ilikuwa imepinda. Bhanumati, kiongozi wa mchezo, alikuwa ameivuta mpaka kwenye kiti, akamtia fimbo moja katika mkono wa kushoto.

"Huu haujui kitu!"

"Basi utajifunza. Hebu inua, usitucheleweshe."

Jasvanti akainua. Bhanumati akaigonga taratibu, akapita. Akaja mwingine, na mwingine tena, na mpiga ngoma naye akapunguza mwendo bila kuambiwa. Kila fimbo ilipogonga, mkono wa Jasvanti ulikuwa tayari mapema kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Hatimaye ngoma ikanyamaza, wanawake wakaanza kujifuta jasho. Fimbo ya Jasvanti ilikuwa bado juu, ikimngoja anayefuata.